Kikombe cha Aliyeachia Patanti

Mutesi anauza maziwa Kimironko, na yeye mwenyewe hayanywi. Wateja humtania kwamba anafanana na mwenye bucha asiyekula nyama, naye hucheka nao, anafuta meza, anabadilisha mazungumzo. Zamani aliyanywa sana. Aliacha mwaka ule patanti ilipoingia jina lake, na habari yenyewe ni hii.

Patanti ni leseni ya biashara. Kigali nzima inaiita hivyo, mwenye hoteli na mwenye kibanda, na asiyekuwa nayo hulala jicho moja wazi. Ya duka hili ilitundikwa ukutani juu ya jiko, ndani ya fremu yenye kioo kilichofifia kwa mvuke. Duka lenyewe liko mtaa wa nyuma ya soko, upande ambao mafundi cherehani wamepanga mashine zao kibarazani. Ni chumba kimoja chenye meza chache, jiko, na mikebe mikubwa ya chuma. Asubuhi watu wa mji huu hunywa gilasi ya maziwa kama wengine wanavyokunywa chai, tena bila haya, mwanamume mzima anatoka mlangoni na masharubu meupe akielekea ofisini.

Jina kwenye patanti lilikuwa la Donatille, dada wa baba yake Mutesi. Kwa Kinyarwanda shangazi wa namna hiyo huitwa masenge, na Mutesi hakuwahi kumwita jina lingine. Alilelewa naye baada ya baba yake kufa, akakulia nyuma ya jiko lile, na alipomaliza shule akabaki pale pale kwa sababu hakuna mahali pengine duniani alipopapenda. Donatille alikuwa mwanamke wa maneno machache na mkono mwepesi. Ukigusa kifuniko cha mkebe bila ruhusa alikupiga vidole, hata uwe nani.

Kulikuwa na desturi yao, ya familia hii tu, wala usiende kuwauliza Wanyarwanda wengine. Kila asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, maziwa ya kwanza kuchemka yalimiminwa kwenye kikombe cha mti. Kikombe kilikuwa cheusi kwa moshi na uzee, na kilitoka nao Karagwe waliporudi kutoka ukimbizini. Donatille alikijaza hadi ukingoni, akakiweka kwenye meza ya pembeni, mbele ya kiti kisichokaliwa na mtu. Halafu aliinama kidogo na kusema, "Ntare, maziwa yako."

Jina tupu. Hakusema kaka, wala mzee, wala baba Mutesi. Ntare alikuwa kaka yake aliyeshika patanti kabla yake, na alikuwa chini ya udongo miaka mingi. Kabla ya Ntare aliyeshika leseni ni mama yao, aliyeuza maziwa sokoni kule Karagwe, na Ntare alipokuwa hai alimwita mama yake kila asubuhi vivyo hivyo, jina tupu, jambo ambalo mtoto mwenye adabu hathubutu kwa mzazi aliye hai.

Kikombe kilikaa pale kutwa. Jioni maziwa yake yalikuwa yameganda yenyewe, na hayo ndiyo yaliyokuwa mbegu. Donatille aliyakoroga ndani ya mikebe ya maziwa ya vuguvugu, akafunika, na kesho yake kulikuwa na kivuguto, mtindi mzito wenye uchachu wa kutosha kukufumba jicho moja. Mbegu hiyo haikuwahi kukatika tangu kwa bibi.

Sasa, kikombe kiliachwa kimejaa, na jioni kilikuwa kimepungua kiasi cha kidole. Mutesi akiwa msichana alisema ni joto. Baadaye alisema ni paka, ingawa duka halikuwa na paka. Alipokuwa mtu mzima hakusema tena kitu.

Magoti ya Donatille ndiyo yaliyoleta mambo. Aliamka siku moja yakagoma kabisa, na safari ya kutoka Gahanga, alikojenga nyumba yake ndogo upande wa mashamba, ikawa adhabu. Alijichua kwa mafuta makali ya kafuri mpaka nyumba nzima ikanuka, lakini wapi. Akakata shauri. Alimchukua Mutesi mpaka ofisi ya sekta, serikali ya eneo lao, akakaa kwenye benchi na fimbo yake, na zamu yao ilipofika akamwambia karani kwamba duka ni la huyu sasa.

"Sababu ya kubadilisha jina ni nini, mama?" karani aliuliza, macho kwenye kompyuta.

"Miguu," alijibu Donatille.

Karani alitabasamu, akaandika, na mambo yakaisha kwa urahisi uliomshangaza Mutesi. Alitoka nje ameshika karatasi yenye jina lake, moyo ukimdunda kwa furaha, na aliona haya kuwa na furaha kiasi kile mbele ya mwanamke anayetembea kwa fimbo. Donatille alimshika kidevu kama alivyokuwa akimfanyia utotoni.

"Mimi sitakanyaga dukani tena, mwana wanjye," alisema. "Mama aliagiza. Aliyeachia patanti hakanyagi tena pale, asije akayachanganya maziwa. Na kikombe unakijua."

"Nakijua, Masenge."

Wote wawili hawakuona kilichokuwa mbele ya macho yao, na ni kosa ambalo watu wengine wasingeweza kulifanya hata wakitaka. Bibi aliachia leseni akiwa kitandani, pumzi za mwisho. Ntare aliweka dole gumba kwenye karatasi hospitalini, na kabla ya msimu wa mvua kuisha wakamzika. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuachia patanti kisha akarudi nyumbani kula chakula cha jioni. Desturi ilitungwa kwa ajili ya wafu, nao wakaifuata na mwenyewe bado anapumua.

Asubuhi ya kwanza Mutesi aliamka kabla ya jogoo. Alichemsha maziwa, akajaza kikombe cha mti, akakipeleka mezani. Hapo ndipo aliposita. Miaka yote lilikuwa linaitwa jina la baba yake, lakini aliyeshika kabla yake si baba tena. Alijiuliza, akajijibu, na akafanya sawasawa kama alivyofundishwa.

"Donatille, maziwa yako."

Ulimi ulimwuma kulitaja jina lile bila heshima. Alijiona mtovu wa adabu, akageuka kwenda kufungua mlango.

Mchana, wateja walipopungua, aliona kikombe kimefika nusu. Alisogea. Maziwa yaliyobaki yalikuwa yametulia, na ndani ya mti, kuanzia ukingoni kushuka mpaka yalipoishia, ukuta ulikuwa umekauka kabisa, hauna hata utando. Alimpigia simu shangazi yake ili asikie sauti tu.

"Hujambo, Masenge? Umekula?"

"Leo sitaki kula," alisema Donatille kwa sauti ya uchangamfu. "Nimeshiba. Unajua nimeshiba nini? Maziwa. Mdomo wote una ladha ya maziwa, na hapa nyumbani hatujanunua hata tone."

Mutesi alisema vizuri, Masenge, akakata simu.

Kesho yake kivuguto kilitia fora. Mzee Mugenzi, dereva mstaafu aliyekunywa pale tangu enzi za Ntare, alimaliza gilasi akaomba nyingine, na ya pili akailamba kwa kidole.

"Mutesi, hii maziwa ya leo iko tamu sana, weee! Umeweka nini ndani?"

"Sijaweka kitu, mzee."

"Usinifiche. Mimi nimekunywa hapa wakati wa baba yako, nimekunywa wakati wa Donatille. Hii iko na kitu. Nasema kweri."

Alipoondoka, Mutesi alijimiminia kidogo. Kilikuwa kizito, cha baridi, kitamu kupita kiasi. Kisha, nyuma ya uchachu, mbali kooni, ikaja harufu ya kafuri. Ilikuwa harufu ya mafuta yale ya kujichua magoti. Alikimbilia nje akatema mtaroni, na fundi cherehani wa jirani akamwuliza kama ni mimba.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kwa Mutesi kunywa maziwa.

Habari njema za tumboni hazikai sirini. Wiki haikuisha duka likajaa mpaka watu wanakunywa wamesimama. Siku moja aliingia Protas, Mtanzania mwenye kuuza vipuri vya magari huko Muhima, mtu wa maneno mengi na shati la bluu lililopigwa pasi. Hakukuta nafasi, na kabla Mutesi hajamzuia alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha pembeni. Aliruka kama aliyekalia kaa la moto.

"Dada, kiti chako hiki kina baridi ya ajabu," alisema akijipapasa suruali. "Kimelowa nini?"

Mutesi alikipangusa mbele yake kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kilibaki kikavu. Protas alicheka kicheko cha juu juu, akaenda kunywea mlangoni.

Mchana ule ni Donatille aliyepiga simu.

"Yule Mtanzania wa shati la bluu ni nani?" aliuliza. "Hana macho? Amenikalia."

Mutesi aliegemea ukuta. Wateja walikuwa wakiongea, gilasi zikigongana, redio ya fundi cherehani ikiimba nje, na yeye alisikia damu masikioni mwake tu. Hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za Protas.

"Masenge, uko wapi sasa hivi?"

"Niko kitandani, niwe wapi tena? Lakini nikifumba macho niko hapo. Nakuona. Umefunga kile kitambaa cha njano." Ni kweli alikuwa amekifunga. "Baba yako naye yupo. Tumekaa wawili, tunabanana. Hasemi. Anatazama kikombe tu, siku zote anatazama kikombe."

Kuna woga wa kupiga kelele, na kuna woga wa kukaa kimya ukiendelea kuosha gilasi. Mutesi aliosha gilasi. Aliosha mpaka jioni bila kugeuza uso upande wa meza ile. Na katikati ya woga, Mungu amsamehe, alikuwa na wivu. Alitamani kumwona baba yake, na aliyemwona ni mwingine.

Siku zikaenda. Kikombe sasa kilikuwa kinashuka kupita nusu. Jioni ilikuwa inabaki mbegu ya kufunika chini tu. Kivuguto kilizidi kusifiwa. Mtu mmoja wa hoteli alikuja kutaka apelekewe kila siku. Kila kitu alichokiota Mutesi tangu usichana kilikuwa kinamjia mkononi kwa pamoja, na kila kilipomjia alijua kinatoka wapi.

Natacha, mwanamke aliyekuwa akimhudumia Donatille huko Gahanga, ndiye aliyesema waziwazi.

"Mama hakuri kitu, dada," alisema kwenye simu kwa sauti ya chini. "Anasema ameshiba. Anaisha. Ile saa yake ya mkono inatoka yenyewe, inaanguka. Na iko kitu kingine, naogopa kusema."

"Sema."

"Asubuhi nikimuosha uso, mdomo yake iko na maziwa. Nyeupe, hapa juu ya mdomo. Mimi ndiyo nafunga milango yote. Hapa ndani hakuna maziwa."

Kesho yake Mutesi hakuweka kikombe. Alikificha kabatini, akasema potelea mbali, mbegu ichukuliwe kwenye mkebe wa jana. Kabla jua halijakaza Natacha alipiga analia. Mama alikuwa amekauka midomo, anapigapiga mkono kitandani, anataka kunywa. Ukimpa maji anayatema, ukimpa chai anaitema. Nyuma ya kilio cha Natacha Mutesi alisikia sauti ya shangazi yake, nyembamba, ya kitoto: "Mbona leo hajanipa? Mwambie mbona leo hajanipa?"

Akakitoa kikombe. Akajaribu hila. Alikijaza, akasema, "Ntare, maziwa yako," kama zamani. Alisubiri. Maziwa yalikaa yamejaa, yakaota utando, na nzi mmoja akafia juu yake. Simu haikuacha kulia. Mwishowe, huku machozi yanamdondoka, alimwaga yale, akajaza mengine, akasema jina lililotakiwa. Gahanga kukatulia papo hapo. Natacha alisema mama amelala, anatabasamu.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Akimpa, anamwua polepole. Akimnyima, anamwua upesi.

Jumapili alifunga duka mapema akaenda Gahanga. Alimkuta Donatille ameegemezwa mito, dirisha liko wazi upande wa mashamba. Alikuwa amebaki macho tu. Ngozi yake, ambayo ilikuwa nyeusi ya kung'aa, ilikuwa imeingia weupe fulani. Mutesi hakuweza kuutazama kwa muda mrefu.

"Masenge, twende tukarudishe jina lako kwenye patanti."

"Halafu atakayeitwa kwenye kikombe ni nani?" aliuliza Donatille. "Aliyeshika kabla yangu atakuwa wewe. Nikuite wewe? Wewe bado kijana, unakula vizuri. Utaisha mbele ya macho yangu. Oya, sitaki."

"Basi tuache desturi yenyewe. Twende dukani, ukakinywe kile kikombe kwa mdomo wako, ukimalize. Umekuwa ukinywa kama wanavyokunywa walio chini. Ukinywa kama sisi wa juu, labda kitakuachia."

Kwa mara ya kwanza siku hizo Donatille alikasirika, na hasira ilimfaa, ilimrudisha kidogo sura yake. "Nikimalize? Unajua unachosema? Kikombe kikimalizwa hakuna mbegu. Mama alikibeba kile kikombe kifuani, maziwa ndani, tulipokimbia. Tuliacha sufuria, tuliacha ng'ombe, tulimwacha mzee wetu njiani. Maziwa hatukuyaacha. Mimi ndiye niyakate?"

"Watu wanakunywa wewe, Masenge." Mutesi alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. "Mzee Mugenzi anakulamba kwenye kidole. Mimi nimeonja. Nimekutambua kwenye ulimi."

Donatille alimjibu kwa upole mkubwa, kama anayemfundisha mtoto kuosha mikono: "Na wewe unafikiri ulikua kwa kunywa nani? Ulinyweshwa baba yako kila siku ya Mungu. Mimi na Ntare tulimnywa mama. Ndiyo maana hatukufa kwa njaa wala kwa upweke. Sasa ni zamu yangu, na sioni ubaya. Pale nina watu. Hapa nina dirisha."

Hayo maneno ya dirisha ndiyo yaliyomchoma Mutesi. Aliona ghafla jinsi yeye na furaha yake ya karatasi ya sekta walivyomwacha mwanamke huyu huku Gahanga, ametazamishwa mahindi ya watu, baada ya kuzoea mji mzima kumpitia mezani. Alisema, "Nisamehe, Masenge. Lakini sikubali." Akaingiza mikono chini yake akamnyanyua. Alimnyanyua kama furushi la nguo zilizoanuliwa. Natacha alikimbia mbele kutafuta teksi, na Donatille alipiga ngumi zisizo na uzito kwenye bega la Mutesi mpaka wakafika barabarani.

Walifika Kimironko mchana, mawingu yamekaa juu ya paa la soko. Mutesi alimpitisha mlangoni mikononi mwake, na hapo Donatille alishtuka akafumba macho, maana alikuwa anavunja agizo la mama yake. Alipowekwa kwenye kiti cha pembeni alisogea kidogo, akabaki ameketi nusu kiti, kama mtu aliye na jirani.

Mutesi alifanya kazi yake haraka, asije akapata nafasi ya kufikiri. Kivuguto chote kilichobaki kwenye mikebe alikimwaga mtaroni. Utasema angeweka japo gilasi moja kama mbegu ya kuanzia upya, lakini gilasi hiyo nayo ilikuwa Donatille. Alisuuza mikebe kwa maji yanayochemka mpaka mikono ikaiva. Kisha alichemsha maziwa mabichi ya mwisho, akajaza kikombe cha mti, akakiweka mezani mbele ya shangazi yake. Alipiga magoti, akakishika kwa mikono miwili kama unavyompa mtu mzima unayemheshimu.

"Masenge, maziwa yako."

Donatille alikitazama. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti.

"Umeniita masenge," alisema.

"Wewe ni masenge. Hujawahi kuwa kitu kingine."

Mkono wa kizee ulitoka ndani ya khanga ukakishika kikombe. Alikunywa kidogo, akakohoa, maziwa yakamshuka kidevuni. Akanywa tena. Natacha, aliyesimama karibu na jiko, alikuwa ameziba mdomo kwa viganja. Mutesi alirudi nyuma mpaka mlangoni, akasimama pale katikati ya mlango akimwangalia shangazi yake anavyomeza, koo likipanda na kushuka, polepole, mpaka kikombe kikainuliwa juu kabisa na kubaki hapo.

Donatille alikishusha. Kilikuwa kitupu. Alikaa akitazama ubavuni mwake kwa muda, kisha macho yake yakainuka taratibu, yakasogea chumbani kama yanayomfuata mtu anayetembea, yakapita juu ya meza, yakafika mlangoni alipokuwa Mutesi, yakapita.

"Ntare ameondoka," alisema.

Mutesi aligeuka. Mtaani palikuwa na fundi cherehani na mashine yake, na msichana anapita na ndizi kichwani.

"Alisema nini?"

"Hakusema. Aliona hakuna kilichobaki, akanyanyuka. Amekupita hapo mlangoni, mwanangu. Hukusogea."

Mutesi alishika fremu ya mlango. Hakuwa amehisi chochote, wala baridi, wala upepo. Baba yake alikuwa amepita umbali wa kugusana naye, na yeye alikuwa anaangalia kwingine. Alilia pale pale mbele ya mtaa mzima, kilio cha msiba, na hakumjali aliyekuwa akimwangalia.

Ndani, Donatille alikuwa amekilaza kikombe mapajani mwake. Alikipitishia kidole ndani, kidole kikatoka kikavu.

"Umeyaua maziwa ya mama," alisema.

"Ndiyo, Masenge."

"Kesho watu watakuja, hutakuwa na cha kuwapa. Utanunua ya kiwandani kama wengine. Mugenzi hatarudi."

"Najua."

"Nitakuchukia kwa hili. Si kwa siku moja. Usifikiri nitasahau."

"Nichukie," alisema Mutesi huku akijifuta pua kwa kile kitambaa cha njano. "Nichukie ukiwa hapa."

Donatille alibadilika uso. Alishika tumbo kwa mkono mmoja, akakunja uso, akawatazama wote wawili kwa mshangao na aibu kidogo, kama mgeni anayeomba kitu asichotengewa.

"Nina njaa," alisema.

Dukani hakukuwa na kitu. Mandazi yaliisha asubuhi, maziwa yalikuwa mtaroni. Mutesi alitazama huku na huku, akafunua makopo matupu, akayaacha wazi, kisha akatoka mbio. Yeye ambaye hakuwahi kuliacha duka hata kwa dakika aliliacha wazi, na patanti yake mpya ukutani, akakimbia peku kuelekea sokoni huku matone makubwa ya mvua yakianza kupiga mabati. Mama muuza viazi vya kuchemsha alimwona anavyohema, nywele zimemfumuka, akadhani kuna msiba.

"Kuna nini, Mutesi? Nani?"

"Shangazi yangu," alisema Mutesi, akijaza viazi kwenye kitambaa bila kuchagua. "Ana njaa!" Akasema tena kwa sauti kubwa zaidi, akiwaambia wauza nyanya na wauza maharage na kila aliyegeuka. "Ana njaa!"